Keremkerem wa Tabora: Kamera na Iwe Shahidi Mwadilifu



Katika misitu ya miyombo inayouzunguka mji wa Tabora yupo ndege ambaye watoto humpenda kwa rangi zake, na wafugaji wa nyuki humshutumu kwa chakula chake. Ndiye keremkerem. Mgongo wake ni wa kijani kibichi, koo lake ni la manjano, jicho limepitiwa na utepe mweusi mfano wa wanja, na mdomo wake ni mrefu, mwembamba, umepinda kidogo kuelekea chini. Hula wadudu warukao, wakiwamo wenye mwiba: nyuki, nyigu na mavu. Na kwa kuwa Unyamwezi ni nchi ya asali tangu enzi za mababu, ugomvi baina yake na mwenye mzinga haukuanza leo.

Juma hili tunapenda kuzungumza na wazazi, walimu wa madrasa na vijana juu ya jambo ambalo kwa wengi litaonekana kuwa la anasa, nalo ni kumpiga picha ndege huyu katika makazi yake. Simu zenye kamera zimo katika nyumba nyingi, na wapo vijana walionunua kamera kubwa kwa ajili ya kazi za harusi. Chombo kimekwisha kuingia mikononi mwetu. Lililobaki ni kujua kitumike kwa lengo gani na kwa adabu ipi. Rai ya makala haya ni kwamba picha ya ndege wa porini ni ushahidi, na ushahidi una masharti. Ukipatikana kwa uadilifu huweza kumaliza ugomvi wa miaka mingi. Ukipatikana kwa dhuluma, uzuri wake hauuondolei kasoro.

Hudihudi na habari ya yakini

Msomaji wa Qur'ani anamfahamu ndege mwingine mla wadudu mwenye rangi za kupendeza. Katika Sura An-Naml, ambayo ni ya 27, kuanzia aya ya 20, tunasimuliwa jinsi Nabii Sulaiman, alayhis salaam, alivyowakagua ndege asimwone hudihudi, akaahidi kumwadhibu asipoleta hoja iliyo wazi. Hudihudi hakukawia. Alifika na habari ya yakini kutoka nchi ya Saba, habari ambayo mfalme mwenyewe hakuwa nayo. Pamoja na hayo, Sulaiman hakuipokea habari ile juu juu wala hakuitupa. Alisema kwamba itatazamwa kama msemaji ni mkweli au ni miongoni mwa waongo, kisha akampa barua aipeleke ili jambo lithibitike.

Hudihudi huyo si ndege wa visa vya kale tu. Yupo Tabora hata sasa. Ana rangi ya hudhurungi inayokaribia chungwa, mabawa yenye mistari myeupe na myeusi, na kishungi ambacho hukifungua kama upepeo anapotua au anaposhtuka. Hutembea chini, akidungadunga udongo kwa mdomo wake mrefu kutafuta mabuu na nyenje. Mtoto aliyekwisha kukisikia kisa chake darasani, akaonyeshwa ndege mwenyewe chini ya mwembe, hatakisahau kisa hicho.

Tunalo pia lile lililopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikataza kuuawa viumbe wanne: chungu, nyuki, hudihudi na surad. Huyu surad ni ndege mwenye kichwa kikubwa, mwindaji wa wadudu na viumbe wadogo. Tazama, ndugu msomaji, jinsi nyuki alivyowekwa katika katazo moja na ndege wawili walao wadudu. Keremkerem hakutajwa humo, wala safu hii haitoi fatwa. Hata hivyo, anayedhani kwamba hawezi kumlinda nyuki ila kwa kumwua kila ndege mla wadudu, ana la kutafakari katika orodha hiyo.

Kutoka bunduki hadi kamera

Tabora ilikuwa kitovu cha njia ya misafara. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikavuka Ugogo na kufika Unyanyembe, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji. Ilibeba nguo na shanga kwenda bara, na pembe za ndovu kurudi pwani, pamoja na binadamu waliotiwa utumwani, jambo ambalo historia yetu haipaswi kulifunika. Wazungu nao waliifuata njia hiyohiyo. Burton na Speke walifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mwezi Novemba 1857.

Mwaka 1880 alikuja mwanazuolojia wa Kijerumani aliyeitwa Richard Böhm, aliyefanya kazi pamoja na wenzake katika vituo vya Kakoma na Gonda, kusini ya Tabora. Böhm aliwachunguza ndege wa miyombo kwa bidii kubwa, lakini kwa desturi ya zama zake ndege hakutambulika mpaka apigwe risasi, ngozi yake ijazwe pamba na kusafirishwa Ulaya. Mwaka 1882 Anton Reichenow wa Berlin alimpa keremkerem mmoja jina la kitaalamu Merops boehmi, yaani keremkerem wa Böhm. Ni ndege mdogo mwenye utosi wa rangi ya kutu, mwili wa kijani, na manyoya mawili marefu kama nyuzi yaliyochomoza katikati ya mkia wake. Hupenda vichaka vizito kandokando ya vijito. Böhm mwenyewe alifariki Katanga mwaka 1884 akiwa na umri wa miaka 29. Leo jina lake linatamkwa na wapenda ndege duniani kote, ilhali wengi wetu tuliozaliwa karibu na ndege huyo hatujapata kumtazama kwa utulivu.

Kamera nayo haikuingia nchini humu ikiwa na mikono misafi. Mjerumani mwingine, Carl Georg Schillings, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kupiga picha za wanyama wa porini usiku kwa kutumia mwanga wa kulipuka, na alifanya hivyo katika nchi hii, iliyokuwa ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kitabu chake cha mwaka 1905 kilitaja mwanga huo wa kupigia picha na bunduki pamoja katika jina lake. Ili kumpata simba mbele ya lenzi, alikuwa akifunga punda au ng'ombe kama chambo. Picha zilistaajabisha ulimwengu, na zilichangia kuamsha fikra ya kuwahifadhi wanyama. Lakini punda aliyefungwa hakuwa na njia ya kukimbia. Swali linalotokana na picha zile lingali hai: ni nini kilichotendeka nje ya ukingo wa picha ili picha ipatikane?

Keremkerem kazini

Anayetaka kumpiga picha ndege huyu hana budi kwanza ajifunze mwenendo wake. Keremkerem mdogo, ambaye ndiye rahisi kuonekana, ana uzito wa gramu 15 hivi. Huchagua kijiti kilicho wazi, aghalabu si zaidi ya mita moja au mbili kutoka ardhini, ukingoni mwa shamba au karibu na maji. Hapo hutulia, kichwa kikigeuka huku na huku. Ghafla huinua mdomo na kukifuatisha kichwa na mdudu apitaye, kisha huruka kama mshale, humnasa angani, na mara nyingi hurejea kwenye kijiti kilekile.

Hapo ndipo huanza kazi ya ajabu. Ikiwa mawindo ni nyuki, keremkerem humshika kiunoni kwa ncha ya mdomo na kumpigapiga kichwa kwenye tawi. Kisha humgeuza na kusugua sehemu ya nyuma yenye mwiba kwenye gome mpaka sumu itoke, huku akiyafumba macho yake ili yasiingiwe na sumu hiyo. Baada ya hapo humrusha kidogo na kummeza. Ikiwa mawindo ni kereng'ende au panzi, asiye na mwiba, humpiga tu bila kumsugua. Huyu ni kiumbe asiyekwenda skuli, na bado anapambanua mwenye sumu na asiye nayo. Subhanallah.

Jioni ndege wa aina hii hujipanga tawini bega kwa bega, wakibanana ili wasipoteze joto. Wakati wa kutaga huchimba tundu jembamba katika ukingo wa udongo au katika mteremko mdogo, na pengine hata katika dari la shimo lililochimbwa na muhanga. Dume humletea jike mdudu kama zawadi kabla ya kutaga.

Huko Nakuru, nchini Kenya, mtafiti Stephen Emlen wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi keremkerem wenye paji jeupe. Waligundua kwamba ndege ambaye kiota chake kimeharibika, au asiye na kiota, mara nyingi huwasaidia wazazi au jamaa zake kulisha makinda. Waliona pia kwamba baba huweza kumsumbua mwanawe wa kiume, akimzuilia kumlisha mkewe, mpaka kijana aache kiota chake na kurudi kusaidia nyumbani. Ukurasa wa familia unaweza kuishia hapo na kuwaachia wakwe na wakamwana wamalize mazungumzo.

Wapo pia wasafiri. Keremkerem wa Ulaya, na yule mwenye mashavu ya buluu ambaye huzaliana kuanzia Mashariki ya Kati hadi Asia ya Kati, huja kwetu wakati wa baridi ya kaskazini na kurejea mnamo Machi na Aprili. Jamaa zetu walioko Maskati huwaona wakipita huko, nasi huwaona huku, ndege walewale, bila kudaiwa pasi wala viza. Naye keremkerem mwekundu wa kusini, mwenye rangi ya waridi iliyokolea na utosi wa buluu ya bahari, hutaga katika kingo za mito kama Luangwa na Zambezi, kisha hutawanyika, na baadhi yao hufika magharibi ya Tanzania.

Kesi ya mwenye mzinga

Tuje sasa kwenye shutuma. Mfugaji wa nyuki husema: ndege huyu ananila mimi. Haifai kumcheka. Asali na nta ni ada ya skuli, ni dawa, ni mahari. Mizinga ya magogo na ya magome inayoning'inia kwenye miyombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua ni mali halali ya watu wenye jasho.

Lakini hakimu husikiliza pande zote mbili. Keremkerem haingii mzingani. Huwinda angani, na mdudu aliyetua kwa kawaida humwacha. Wengi wa nyuki anaowakamata ni wale watokao nje kutafuta chakula, nao ndio wazee wa kundi, waliobakiwa na siku chache za kuishi. Katika msimu mzuri malkia mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku. Aidha, mwanasayansi Hilary Fry, aliyewatafiti keremkerem kwa miaka mingi nchini Nigeria na kuandika kitabu juu yao mwaka 1984, alionyesha kwamba ndege hawa hula pia wadudu ambao wenyewe ni maadui wa nyuki, wakiwamo nyigu wanaowawinda. Ushahidi wake aliupata katika vidonge vidogo vikavu ambavyo keremkerem hutapika, vilivyojaa mabawa na magamba yasiyosagika tumboni.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Kundi kubwa la ndege wahamaji likipiga kambi juu ya mizinga mingi iliyokusanywa mahali pamoja huweza kuwafanya nyuki wasitoke kwa saa nyingi. Na anayezalisha malkia ana sababu zaidi ya kuhofu, kwa sababu malkia kijana hutoka mzingani kwenda kupandwa, na akiliwa siku hiyo hasara yake si ya nyuki mmoja. Kwa hiyo jibu la haki haliwi moja kwa kila mahali. Latakiwa litafutwe katika mizinga hii, mwezi huu, kwa ndege hawa.

Na hapa ndipo kamera inapokuwa na kazi ya kweli. Jicho la mtu humwona ndege akiruka na kurudi. Haliwahi kutambua alichoshika. Picha iliyo safi huonyesha kama mdomoni mna nyuki, nyigu, kereng'ende au kumbikumbi wa mvua za kwanza. Kijana mwenye subira anayepiga picha mia moja za keremkerem mwenye mawindo, akaandika katika daftari tarehe, saa, mahali na aina ya mdudu, amemfanyia mfugaji wa kijiji chake utafiti ambao hakuna aliyemletea. Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo Tabora hapohapo. Wataalamu wake wanaweza kumsaidia kuwatambua wadudu asiowajua. Huenda daftari likamtetea ndege. Huenda likaonyesha kwamba mizinga fulani ihamishwe au itawanywe katika miezi fulani. Vyovyote itakavyokuwa, uamuzi utakuwa umejengwa juu ya habari ya yakini, na manati yatakuwa yamepumzika.

Namna ya kuanza

Mwanga ndio mtaji wa kwanza. Toka baada ya Swala ya Alfajiri, uwe umekwisha kukaa mahali pako jua linapochomoza. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi rangi ya kijani na ya manjano huwa hai. Jua la utosini huzifubaza na kuacha kivuli kizito chini ya mdomo. Saa kumi alasiri mwanga mzuri hurejea. Jua na liwe mgongoni kwako.

Mahali pa kuanzia si lazima pawe mbugani. Kingo za Bwawa la Igombe, mashamba yanayopakana na msitu, na njia za vumbi za kuelekea Kwihara, lilipo tembe alilokaa Livingstone, zatosha. Keremkerem mwenye mkia uliogawanyika kama wa mbayuwayu utamtafuta ndani ya miyombo yenyewe. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua, miyombo huchipua majani mapya yenye wekundu wa shaba, na ndege wa kijani akitua mbele ya majani hayo hahitaji pambo jingine.

Tafuta kijiti kwanza, ndege atakuja. Ukiona chini ya kijiti madoa meupe ya kinyesi na mabawa ya wadudu yaliyodondoka, umefika. Kaa kando, usikabili moja kwa moja, vaa nguo zisizong'aa, na utulie. Sogea hatua chache, kaa tena. Keremkerem mdogo huweza kumzoea mtu aliyetulia hata akabaki umbali wa mita chache tu. Mwenye kamera ya lenzi ndefu, milimita 400 au zaidi, aiegemeze juu ya mfuko mdogo wa mchanga au wa mchele. Kwa ndege aliyetua, kasi ya 1/1000 ya sekunde inafaa. Kwa anayeruka, ipandishe hadi 1/2500. Elekeza kamera kwenye kijiti tupu, na anapoinua kichwa kufuata mdudu jua kwamba yu karibu kuondoka. Picha ya thamani ni ile ya kurejea, kwa hiyo usiishushe kamera alipoondoka.

Asiyekuwa na lenzi asikate tamaa. Simu ya kawaida ikiwekwa kwa uangalifu juu ya jicho la darubini hutoa picha inayotosha kumtambua ndege na pengine hata mawindo yake.

Adabu za mwenye kamera

La kwanza ni kiota. Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud kwamba masahaba safarini walichukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja akitapatapa juu yao, na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamuru warejeshwe. Aliyekaa mbele ya tundu la keremkerem saa nzima, akamzuia mzazi mwenye mdudu mdomoni asiingie, hakuchukua makinda. Lakini uchungu ni uleule. Ukimwona ndege ana chakula mdomoni wala hakimezi, akihamahama kutoka tawi hadi tawi huku akikutazama, fahamu kwamba umesimama mlangoni kwake. Ondoka. Wala usitangaze mtandaoni mahali kilipo kiota.

La pili ni hila. Wapo wanaopiga sauti za ndege zilizorekodiwa ili kumchokoza ndege aje kupigana na mpinzani asiyekuwepo. Wapo wanaokata matawi yanayoziba tundu, wakaliacha wazi kwa nyoka na kenge. Wapo wanaomfunga nyuki kwa uzi awe chambo. Yote haya ni punda wa Schillings katika umbo jipya.

La tatu ni moto. Keremkerem, na hasa yule mwekundu, huufuata moto wa nyika kwa sababu panzi na wadudu wengine huruka kuukimbia. Anayeukuta moto unaowaka apige picha kwa kujihadhari. Anayeuwasha ili ndege waje amechoma mizinga ya watu, malisho ya watu na makazi ya viumbe wasiohesabika kwa ajili ya picha moja.

La nne ni ukweli wa picha yenyewe. Kuipunguza pembeni au kuiongeza mwanga si vibaya. Kuongeza nyuki mdomoni mwa ndege ambaye hakuwa naye, au kutumia picha iliyoundwa na akili bandia ukadai uliipata Sikonge, ni kutoa ushahidi wa uongo. Na ikiwa mfugaji ataua ndege au ataacha kuua kwa sababu ya picha hiyo, mwenye kuitunga atabeba sehemu yake.

La tano ni haki ya wenyeji na sheria. Omba ruhusa kwa mwenye shamba na kwa viongozi wa kijiji, na katika misitu ya hifadhi uliza utaratibu kwa mamlaka yake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wala kuua wanyamapori bila kibali, na ndege ni miongoni mwao.

Wapo watakaouliza hukumu ya picha yenyewe. Wanazuoni wa zama zetu wamelizungumza kwa mapana. Wapo waliotofautisha baina ya kuchora au kuchonga umbo kwa mkono na kuzuia kivuli kwa lenzi, na wapo waliochukua tahadhari zaidi. Mwenye shaka na amrejee sheikh wake. Daftari na darubini havina mgogoro, na nusu ya faida tuliyoitaja imo humo.

Mshitakiwa wa kweli

Kijana atakayekaa porini asubuhi nyingi ataona mengine ambayo hakuyafuata. Ataona mkaa ukitolewa kwa baiskeli. Ataona kuni zikipelekwa kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, zao ambalo limelisha familia nyingi za mkoa huu na limekula miti yake mingi. Mti uliokatwa huondoka na mambo matatu kwa pamoja: ua ambalo nyuki alilitegemea, tawi la kutundikia mzinga, na kijiti cha keremkerem. Hapo mfugaji na ndege hujikuta upande mmoja wa kesi, nao wamekuwa wakishitakiana bure. Picha za kijiti kilekile zilizopigwa mwaka hadi mwaka, kikiwa na ndege na kisha kikiwa kisiki, zitasema katika mkutano wa kijiji jambo ambalo hotuba ndefu haiwezi.

Kwa mzazi tunapendekeza jambo jepesi. Siku moja ya mapumziko, mpeleke mtoto ukingoni mwa shamba baada ya Alfajiri, pamoja na simu yako na daftari la kurasa chache. Usimwambie apate picha nzuri. Mwambie ahesabu mara ngapi ndege ametoka na mara ngapi amerudi na kitu mdomoni, na aandike aliyoyaona tu, bila kuongeza. Akiweza kufanya hivyo kwa ndege wa gramu 15, atakuwa amejizoeza kuyasema ya watu kwa uadilifu uleule.

Allah atuwezeshe kuona kwa haki na kushuhudia kwa haki. Wabillahi tawfiq.